Juisi ya Kabichi ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, Chiriku alikuwa ameshakata kabichi vipande vidogo, akavitwanga kwenye kinu, akavifunga ndani ya kitambaa cheupe na kuvikamua mpaka vidole vikamuuma. Maji ya kijani yalichuruzika ndani ya glasi. Alipoona yamefika juu, aliichukua glasi kwa mikono miwili, akaipeleka chumba cha mbele alikokuwa shangazi yake.

Chumba hicho ndicho kilikuwa duka, karakana na sebule. Cherehani ya kukanyaga ilikaa karibu na dirisha ili ipate mwanga. Mezani palikuwa na mkasi mkubwa, chaki za rangi, pasi, na mafungu ya kitambaa cha buluu kilichosubiri kuwa magauni ya kwaya. Watu wote mtaani walimwita shangazi yake Fundi. Naye ndiye aliyempa Chiriku jina hilo la ndege, kwa sababu mdomo wa msichana huyo wa miaka kumi na miwili haukujua likizo.

"Ya leo ni nzito zaidi, Shangazi," Chiriku alisema. "Nimeongeza majani ya nje, yale ya kijani sana. Hayo ndiyo yenye nguvu."

"Sawa, mwanangu."

Shangazi alifumba macho, akameza funda baada ya funda, kisha akatabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Chiriku akaridhika. Akarudi jikoni kusuuza kitambaa chake huku akipiga mluzi.

Hajamaliza kukikamua, sauti nene ikapasua nyumba.

"Hodi! Fundi! Toka uone maajabu!"

Alikuwa mwalimu wa kwaya, bwana mrefu ambaye hata akisalimia ungedhani anaanza wimbo. Alikuwa amelivaa mwenyewe gauni la kwanza aliloshonewa kama mfano. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri kabisa. Wa kulia ulikuwa umejipinda kuelekea mgongoni, kama mkono wa mtu anayetafuta mahali pa kujikuna.

"Nitazame, Fundi. Nikiinua mikono kuongoza waimbaji, huu unaimba, huu unatoroka!"

Chiriku aliangua kicheko. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Shangazi alikuwa ameushika ule mkono wa gauni, akiupapasa mshono kwa ncha za vidole.

"Ni wa kushoto," alisema polepole. "Yote miwili nimeikata ya kushoto."

"Miaka yote unayonishonea, sijawahi kukurudishia hata kifungo," mwalimu wa kwaya alisema, na safari hii sauti yake ilishuka. "Fundi, u mzima kweli?"

"Mzima."

"Mbona umevaa sweta na mimi hapa natokwa na jasho?"

"Kijibaridi tu, Mwalimu."

Mwalimu wa kwaya alilivua gauni, akalikunja kwa heshima, akaliweka mezani. "Tamasha liko karibu, sikatai. Lakini gauni linaweza kungoja. Mtu hangoji. Jiangalie, dada yangu."

Alipoondoka, Shangazi alifungua fungu la vitambaa alivyokuwa amekwisha kata kwa ajili ya magauni mengine. Aliinua kipande kimoja, akakilaza juu ya kingine, akainua cha tatu. Mikono yote ilitazama upande mmoja. Aliketi kwenye kiti chake, uso wake uliovimba kidogo ukiwa umeinama.

"Mkasi wangu haujawahi kunifanyia hivi," alisema. "Labda kazi imenichoka. Nitamrudishia Mwalimu vitambaa vyake, atafute fundi mwingine. Cherehani nayo nitaifunika."

Shangazi bila cherehani? Hiyo ilikuwa sawa na kumwambia jogoo aache kuwika. Kwa mlio wa cherehani hiyo Chiriku alilala mchana alipokuwa mdogo, siku zile alipoletwa hapa baada ya mama yake kufariki. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuja na kuondoka. Mlio ule haukuondoka.

"Usirudishe, Shangazi!" alisema. "Nitakutengenezea glasi mbili kwa siku. Asubuhi na jioni. Utaona!"

Shangazi alimtazama. Alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga, kisha akalitoa lile lake la siku zote.

"Sawa, mwanangu."

Sawa lilikuwa neno la Shangazi. Mteja akitaka gauni kesho, sawa. Akibadili mtindo baada ya kitambaa kukatwa, sawa. Na kwa Chiriku lilikuwa sawa mara mbili.

Mambo ya kabichi yalikuwa yameanza redioni. Miaka kadhaa iliyopita Shangazi alikuwa na rovu, uvimbe mbele ya shingo. Alifanyiwa upasuaji, akaachiwa kipande cha tezi ya shingoni, na tangu hapo akawa anameza kidonge kidogo cheupe kila asubuhi. Basi asubuhi moja, Chiriku akifagia, mtaalamu mmoja wa lishe alisema redioni kwamba mboga za jamii ya kabichi zina viambata vya asili ambavyo huenda vikausaidia mwili kusawazisha baadhi ya homoni.

Homoni! Neno hilo Chiriku alilijua. Daktari wa upasuaji alilitaja mara nyingi. Alizima redio palepale, akatimua mbio kwenda shuleni, na mchana wake akasimama mbele ya klabu ya afya kutangaza kwamba kabichi inasawazisha homoni. Lile neno "huenda" lilikuwa limedondoka njiani. Wenzake walimpigia makofi mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake glasi ya kwanza ikafika mezani. Mwanzoni Shangazi alikimeza kidonge chake pamoja na juisi, ili kumaliza yote mara moja. Kisha vidonge vilipokwisha, Chiriku alisema, huku akifunga kamba za viatu, "Vidonge vya nini tena, Shangazi? Juisi yenyewe ni dawa." Na Shangazi akajibu kama alivyozoea kujibu.

Siku ile ya gauni lenye mikono ya kushoto, Chiriku alimweleza kila kitu rafiki yake wa dawati moja. Mvulana huyo aliitwa Wakili, kwa kuwa hakuna neno lililopita mbele yake bila kuhojiwa.

"Glasi mbili?" Wakili aliuliza.

"Mbili."

"Na anaendeleaje?"

"Anaendelea polepole."

"Polepole kupona, au polepole kuumwa?"

Chiriku alimkazia macho. "Sasa wewe unapinga mboga?"

"Mimi? Nyumbani mama huificha sufuria ya kabichi nisiimalize. Mboga sina ugomvi nayo. Nauliza tu, huyo mtaalamu alizungumzia mtu aliyewahi kuwa na rovu?"

"Sijui. Nilizima redio."

"Ulizima?"

"Nilikuwa nachelewa shule, Wakili!"

"Aa. Kwa hiyo ushahidi wako ni nusu ya kipindi." Wakili alijikuna kidevu kama mzee mwenye ndevu. "Mheshimiwa, nusu ya kipindi haifungui kesi."

"Redio haiulizwi maswali."

"Basi muulize anayeulizika."

Chiriku alimwambia kwamba anaringa, kwamba ana wivu kwa sababu yeye hajawahi kupigiwa makofi, na kwamba kabichi haijawahi kumuua mtu. Wakili aliinua mabega tu. Lakini njiani kurudi nyumbani maneno yake yalimwasha Chiriku shingoni, kama kipande cha uzi kilichosahauliwa ndani ya kola.

Alipofika mlangoni alisikia harufu. Haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya kitambaa kinachoungua.

Alisukuma mlango. Shangazi alikuwa ameinamia meza, kichwa juu ya mkono, amelala fofofo. Karibu na kiwiko chake, pasi ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha buluu, na moshi mwembamba ulipanda pembeni mwake. Chiriku aliruka, akachomoa waya ukutani, akaisimamisha pasi. Chini yake kitambaa kilikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi ile ile.

"Shangazi! Shangazi, amka!"

Shangazi aliinua kichwa kana kwamba anakitoa ndani ya maji. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Nilikuwa nanyoosha..." Alisita. Alikishika kitambaa, akapitisha kidole pale chini kilipokunjwa, akalitafuta neno. "Nilikuwa nanyoosha hii... hii ya chini..."

"Pindo," Chiriku alisema.

"Ndiyo. Pindo."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Chiriku kweli. Moshi ulimshtua, lakini neno lilimtisha. Fundi aliyesahau neno pindo! Ilikuwa kama mtu aliyesahau jina la mwanawe.

"Kesho asubuhi namrudishia Mwalimu vitambaa vyake," Shangazi alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini hata hayo yalishuka taratibu. "Nimekwisha, mwanangu. Mikono hii imekwisha."

Mguu wa Chiriku ulikuwa umeshageukia jikoni, kwenye kinu na kabichi. Ilikuwa zamu ya glasi ya jioni. Akajizuia.

Muulize anayeulizika.

"Hapana," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari."

"Sawa."

"Sitaki sawa ya kuniridhisha, Shangazi. Nataka sawa ya kwenda kweli."

Shangazi alimtazama kwa mshangao, akatikisa kichwa kukubali.

Kituo cha afya kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Walikaa kwenye benchi refu, Shangazi akiwa amejikunyata ndani ya sweta lake huku wengine wakijipepea, mpaka wakaitwa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Daktari," Chiriku alisema.

"Marahaba, mrembo. Karibu, Fundi. Wewe ndiye uliyemshonea dada yangu suti ya kijivu. Hebu nikuone."

Alimtazama Shangazi uso, akagusa ngozi ya mikono yake iliyokauka, akapapasa shingo karibu na kovu la zamani, kisha akamshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo.

"Moyo wako unatembea kama mtoto aliyetumwa dukani bila kutaka," alisema. "Vidonge vyako unameza kila siku?"

Shangazi aliangalia sakafu. "Ndiyo."

"Chakula?"

"Nakula vizuri. Hakuna kilichobadilika."

Chiriku alielewa mara moja kwamba Shangazi anamkinga yeye. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Wenzake wataendelea kumpigia makofi, na Daktari atatibu kitu kisichokuwepo. Shangazi naye atarudi nyumbani, aifunike cherehani.

"Daktari," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka, "si kweli."

"Chiriku!"

"Nisamehe, Shangazi. Si kweli. Vidonge hamezi. Vilikwisha, nami nilimwambia asivichukue tena kwa sababu juisi yangu inatosha. Ni juisi ya kabichi mbichi. Nampa kila siku. Jana nilitaka ziwe glasi mbili." Akamtazama Shangazi. "Nilisikia redioni kwamba inasawazisha homoni. Lakini sikusikiliza mpaka mwisho."

Alingoja kugombezwa. Daktari aliishusha miwani machoni, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Unajua umenipunguzia kazi kiasi gani?" alisema. "Watu wazima wengi hukaa hapo ulipo wakanificha mambo, wakidhani wananifurahisha. Asante. Sasa nisikilize. Wewe umekulia karibu na cherehani, basi tutazungumza kwa lugha ya cherehani."

Aliweka vidole viwili mbele ya shingo yake mwenyewe.

"Hapa kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inatengeneza homoni. Homoni ni ujumbe ambao damu inaubeba kuupeleka mwilini. Ujumbe wa tezi hii unauambia mwili uende kwa mwendo gani. Ni kama mguu kwenye pedali. Mguu ukilegea, sindano inasinzia. Mtu anaona baridi wengine wakiona joto, anachoka, anavimba uso, sauti inakuwa nzito. Anasahau hata maneno ya kazi yake."

"Pindo," Shangazi alinong'ona.

"Hata pindo. Sasa, ili tezi itengeneze homoni hiyo, inahitaji madini yanayoitwa iodini, kama wewe Fundi unavyohitaji uzi. Kabichi na ndugu zake wana viambata vya asili, na vingi vinaufaa mwili. Mtaalamu wa redioni hakusema uongo. Ila mboga hizo zikiliwa mbichi, kwa wingi, siku baada ya siku, baadhi ya viambata vyake vinaweza kuizuia tezi isiupate uzi wake vizuri. Mtu mwenye tezi nzima, anayepata iodini ya kutosha, mara nyingi hata hatahisi lolote. Lakini shangazi yako amebaki na kipande."

Chiriku aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza."

"Sijasema hivyo, na wala sitasema nisichokijua. Juisi yako imechangia kiasi gani? Siwezi kukupimia kwa futi. Naona kukosa vidonge ndiko kulikofanya kazi kubwa. Tutapima damu, ituambie tulipo."

"Basi kabichi sitaigusa tena!" Chiriku alisimama. "Na Jumatatu nitawaambia wote shuleni kwamba kabichi ni sumu!"

Daktari alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Hata Shangazi midomo ilimcheza.

"Haya! Umetoka kwenye nusu moja, sasa unakimbilia nusu nyingine. Hebu kaa hapa katikati kwanza. Kabichi ni mboga nzuri. Ipike, maana moto unapunguza sana nguvu ya viambata hivyo. Kula kiasi cha mlo mmoja, na kesho kula mboga nyingine, kesho kutwa nyingine. Nyumbani tumieni chumvi yenye iodini, kiasi kile kile mlichozoea, msizidishe. Na kidonge," alimgeukia Shangazi, "ni kwa maji matupu, asubuhi, tumbo likiwa tupu. Halafu ungoje kama saa moja ndipo ule kifungua kinywa. Usikichanganye na juisi yoyote wala chai. Na usikiache bila kuniuliza. Tumeelewana?"

"Sawa," Shangazi alisema.

"Sawa ya kweli?" Chiriku aliuliza.

"Ya kweli, we mtoto!"

"Na kama mtu akikwambia mboga ni dawa?" Daktari alimuuliza Chiriku, akimtega.

Chiriku alifikiri. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, hakujibu harakaharaka. "Nitasema mboga ni chakula kizuri."

"Naam. Chakula kizuri hakigombani na dawa, wala hakiichukulii kiti chake."

Majibu ya damu yalithibitisha kwamba homoni ya tezi ilikuwa imeshuka mno. Shangazi alianza tena vidonge vyake. Dawa hiyo haikuwa na haraka. Siku za mwanzo Chiriku alimchungulia kila alipoamka, akatamani aone tofauti, asiione. Kisha asubuhi moja sweta lilikuwa limetundikwa ukutani. Baada ya hapo sauti ya Shangazi ilianza kulainika, na uso wake ukarudi kwenye umbo lake. Siku aliyomtania muuza vifungo kwamba vifungo vyake vinakatika kabla ya kushonwa, Chiriku alijua kwamba mtu wake yuko njiani anarudi.

Shangazi alikuwa amejaribu kumrudishia mwalimu wa kwaya vitambaa vyake. Yeye alikataa katakata.

"Nilikuja kwa fundi, sikuja kwa cherehani," alisema. "Mikono ya kushoto unayo tayari, tena ya kutosha. Nitaleta kitambaa cha kuongeza, utakata ya kulia. Pole pole, Fundi. Hata wimbo una mahali pa kupumua."

Basi Chiriku akawa anafumua mishono baada ya shule, na kushona vifungo, na kupanga mikono ya gauni ya kushoto upande huu na ya kulia upande ule. Alama ya pasi iliangukia sehemu iliyoweza kukatwa na kutupwa. Siku ya tamasha waimbaji waliinua mikono pamoja, na hakuna mkono hata mmoja uliotoroka.

Kabla ya hapo, kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mtu mzima aliyemwagiza. Chiriku alisimama tena mbele ya klabu ya afya.

"Mara ile niliwaambia nusu," alisema. "Leo nawaletea nusu iliyobaki." Akawaeleza kuhusu tezi na iodini, kuhusu mbichi na iliyopikwa, na kwamba hakuna juisi inayochukua nafasi ya dawa ya daktari. Akawaeleza pia kwamba yeye ndiye aliyemwambia shangazi yake aache vidonge. Hapo alitamani kuketi, lakini hakuishia njiani. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Walinyoosha mikono kuuliza maswali, na mmoja alitaka kujua kuhusu bibi yake mwenye rovu.

"Mpelekeni kwa anayeulizika," Chiriku alijibu.

"Hayo maneno ni ya nani?" Wakili alinguruma kutoka nyuma.

"Ya wakili mmoja anayeringa."

Jumamosi moja baadaye, Chiriku aliingia chumba cha mbele akiwa na habari mpya mdomoni. Cherehani ilikuwa inakimbia, na Shangazi alikuwa anaimba kwa chini chini, pini mbili zikiwa zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake.

"Shangazi, nimesikia kuhusu uji wa soya. Nimesikiliza kipindi mpaka mwisho, hadi wimbo wa kufungia! Lakini walisema soya nayo inaweza kukizuia kidonge chako kisifanye kazi vizuri, kwa hiyo lazima kwanza tumuulize Daktari. Na kabla ya Daktari nakuuliza wewe. Ungependa nikutengenezee?"

"Sa..." Shangazi alianza.

Mguu wake ulitulia kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. Aliitazama sindano, kisha akamgeukia Chiriku, na mashavu yake yakabadilika rangi kama ya msichana anayeitwa mbele ya darasa.

"Hapana," alisema.

Chiriku hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Hapana, mwanangu. Soya siipendi. Na ile juisi ya kabichi... niliichukia tangu funda la kwanza."

Chiriku alibaki mdomo wazi. "Lakini ulikuwa unatabasamu!"

"Nilikuwa naizuia isirudi!"

Wakacheka, Chiriku akishika meza, Shangazi akifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha buluu. Kicheko kilipotulia, Shangazi aliisogeza cherehani pembeni kidogo ili pasiwe na kitu kati yao.

"Ulipoletwa hapa ulikuwa mdogo, na mama yako hayupo. Nikajiapiza kwamba mtoto huyu sitamwambia hapana. Nilidhani kukukatalia kitu ni kukufungia mlango. Kumbe nilikuacha utangulie peke yako gizani, na mimi mtu mzima nafuata nyuma nimenyamaza. Wewe ulinipa ulichokijua. Mimi nilijua kidonge kina kazi yake, nikaogopa machozi yako. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu kabla halijawa lako."

"Mimi nilisikia nusu," Chiriku alisema.

"Na mimi nilisema nusu. Tujifunze wote. Ukipata elimu, ifuate mpaka mwisho kabla hujaigawa, na inayohusu mwili wa mtu ipitishe kwa daktari. Nami nikipewa kisichonifaa, nitasema." Aliushika mkono wa msichana, ule uliozoea kukamua kitambaa kila alfajiri. "Nakupenda sana, Chiriku. Nilitaka kukwambia hivyo kila nilipoipokea glasi yako, nikawa naishia kusema sawa. Sasa nakwambia. Nakupenda, na ndiyo maana nasema hapana."